Jinsi Thomas Paine alivyombana msomaji wake mwaka 1776

Watu wakisikia kwamba maandishi ya Marekani ya karne ya 18 ni ya enzi ya akili, wanategemea kitu kikavu, hoja juu ya hoja. Mimi nafundisha fasihi hii na kila tukifika kwa Thomas Paine darasa linaamka, sababu jamaa anajenga hoja kwa utaratibu kabisa halafu anaandika kwa hasira, na hivyo viwili kwake huwezi kuvitenganisha.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Vita kati ya Uingereza na makoloni yake ya Marekani ilishaanza Aprili 1775 pale Lexington na Concord, watu wameshakufa, lakini viongozi wengi wa makoloni bado wanamwandikia mfalme George wa Tatu wakiomba suluhu, lawama wanalitupia Bunge la Uingereza na mawaziri, mfalme mwenyewe hawamgusi. Januari 1776 ndio kikatoka Philadelphia kijitabu kifupi, hakina jina la mwandishi, kinaitwa Common Sense. Aliyekiandika ni Mwingereza aliyeingia Marekani mwishoni mwa 1774 tu, huko kwao alishakuwa fundi wa nguo za kubana kiuno za wanawake na mkusanya ushuru, shule aliacha mapema. Na huyu anamvaa mfalme moja kwa moja.

Hoja yake dhidi ya ufalme anaianzia kwenye Biblia. Samweli wa Kwanza sura ya 8, pale Waisraeli wanadai wapewe mfalme na Samweli anawaonya kwamba huyo mtu atawachukua wana wenu, atachukua mashamba yenu na sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Sasa Paine huyuhuyu miaka ya 1790 aliandika The Age of Reason akikataa kwamba Biblia ni ufunuo wa Mungu, na kuna wanaomwita mnafiki kwa hilo. Sikubaliani nao. Wasomaji wake wengi walikuwa Waprotestanti waliolelewa na Maandiko, na mtu anayetaka kukushawishi lazima aanzie kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe umeshakikubali. Baadaye anahamia kwenye maumbile: hakuna mahali mwezi umekuwa mkubwa kuliko sayari unayoizunguka, kwa hiyo kisiwa kutawala bara zima milele ni kwenda kinyume na mpangilio wa asili. Msomaji hahitaji kusoma falsafa yoyote kulielewa hilo.

Ila sehemu ninayoipenda zaidi ni pale anapowajibu wanaotaka kupatana na Uingereza. Anauliza: nyumba yako imechomwa? Mali yako imeharibiwa mbele ya macho yako? Mke na watoto hawana pa kulala wala mkate wa kula? Umepoteza mzazi au mtoto mikononi mwao? Kama hayajakukuta, basi wewe huwezi kuwahukumu waliokutwa nayo. Kama yamekukuta na bado unaweza kupeana mkono na wauaji, hustahili kuitwa mume, baba wala rafiki. Angalia alivyofanya: njia ziko mbili tu na zote amezifunga, yaani ni mantiki tupu lakini unaisoma huku moyo unadunda. Halafu palepale anajitetea kwamba hachochei wala hatii chumvi, anayapima mambo kwa hisia ambazo asili yenyewe inazihalalisha. Kwake hisia ni ushahidi.

Miezi michache baadaye Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu ya Azimio la Uhuru wa Marekani, anatumia humo mbinu hiyohiyo kwa sauti ya mwanasheria. Anaweka kanuni kwanza, kwamba serikali inapata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa na ikiharibu haki zao wanaweza kuiondoa, halafu anashusha ushahidi dhidi ya mfalme: amekataa kuidhinisha sheria, amevunja mabaraza, amepora bahari zetu, amechoma miji yetu. Ukifika mwisho hitimisho umeshalifikia mwenyewe. Rasimu yake ilikuwa pia na shtaka kuhusu biashara ya watumwa, Bunge la makoloni likalifuta, na Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa maisha yake yote ya utu uzima.

Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland, mtaalamu wa hesabu na nyota, hakuliacha lipite. Agosti 1791 alimwandikia Jefferson, akamnukulia maneno yake mwenyewe kwamba watu wote wameumbwa sawa, kisha akamwuliza inakuwaje anawashikilia watumwa, ndugu zake Banneker, kwa hila na mabavu, kosa lilelile alilomshutumu mfalme. Kanuni ya Jefferson, ushahidi wa Jefferson, hitimisho la Banneker. Jefferson alijibu mwezi huohuo kwa barua fupi ya heshima, akaishukuru almanaka (kitabu cha kalenda na mahesabu ya nyota) aliyotumiwa na Banneker na kusema ameipeleka kwa Condorcet, mwanahisabati Mfaransa, kule Paris, ila lile swali la kuwashikilia watu hakulijibu, na Banneker akazichapisha barua zote mbili watu wajisomee.