Usubi huzaliwa kwenye maji yanayokimbia

Tunapofika vijijini kuzungumzia usubi, ugonjwa unaowasha ngozi na hata kupofusha macho, wenyeji hutuonyesha madimbwi waliyoyafukia na makopo waliyoyamwaga maji. Ni kazi njema, maana inapunguza mbu. Ila inzi mweusi aenezaye usubi hazaliwi huko. Maji yakituama, mabuu wake hufa.

Buu huyu ana urefu wa milimita chache tu. Hutoa uzi laini kama hariri, akaubandika kwenye jiwe au jani, kisha akajishikiza hapo kwa vikulabu vilivyo nyuma ya mwili wake. Kichwani ana vifagio viwili anavyovitandaza, na mkondo unapopita humletea mwani, bakteria na chembe za majani yaliyooza. Yeye hatafuti chakula. Mto ndio unaomlisha na kumpa oksijeni. Kwa hiyo utamkuta kwenye maporomoko, juu ya mawe yanayopitiwa na maji ya kina kifupi, na kwenye nyasi za ukingoni zinazoburutwa na mkondo. Hatua chache chini yake, maji yakitulia, humwoni tena.

Kinachonistaajabisha zaidi ni bundo, yaani hatua anayopitia buu kabla ya kuwa inzi. Hujifunga ndani ya kifuko kama kiatu cha ndara, mdomo wake ukielekea upande maji yanakokwenda, ili mkondo usimchomoe.

Wako pia waliochagua jiwe linalotembea. Mwaka 1950 ilitangazwa kwamba nchini Kenya mabuu wa *Simulium neavei*, aina mojawapo ya inzi mweusi, wamegunduliwa wakiishi juu ya miili ya kaa wa mtoni.

Ujuzi huu una kazi. Afrika Magharibi, kuanzia 1974, dawa ya kuua mabuu ilimwagwa mitoni, mkondo ukaifikisha kwenye mazalio. Kaskazini mwa Uganda wanakijiji walifyeka mimea inayoning'inia kwenye maporomoko, na inzi wanaouma wakapungua sana. Kufyeka huko kunahitaji panga na watu wanaojua pa kuangalia, basi.

Lakini inzi akishakomaa huruka kilomita nyingi, na huuma mchana, watu wakiwa shambani. Wakazi wa Mahenge au Tukuyu, maeneo ya Tanzania yenye usubi, wasiache kumeza ivermectin kila ugawaji unapofika: dawa hiyo huua watoto wa minyoo wanaosababisha usubi, ilhali minyoo wakubwa huweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10.