Maumivu Yameisha, Bega Bado Halijapona

Katika safari nzima ya kupona baada ya upasuaji wa bega linalotoka mara kwa mara, wiki inayonikosesha raha ni ya saba. Siku za mwanzo mgonjwa hahitaji kuonywa: bega linauma, limevimba, na mkono umefungwa kifuani. Ikifika wiki ya saba mkanda umevuliwa, usingizi umerudi, dawa za maumivu zimesahaulika mezani. Kipa mmoja kijana aliingia chumba changu cha tiba ya mazoezi wiki hiyo, akanyanyua mkono usawa wa sikio, akaupeleka nyuma kama anayerusha mpira, uso umejaa furaha: "Shikamoo daktari, tazama, nimepona!" Niliushika mkono ule nikaushusha polepole, ndipo nikaitikia salamu.

Mkao alionionyesha ndio uliokuwa ukilitoa bega lake tangu mwanzo.

Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kubwa, ilhali kishimo kinachokipokea ni kidogo na hakina kina, kiasi kwamba ni robo hadi theluthi tu ya duara hilo inayogusana nacho kwa wakati mmoja. Chukua mpira, uuweke juu ya kisahani, utaona tatizo lenyewe. Kinachouzuia usiporomoke ni ukingo wa gegedu unaozunguka kishimo, tunaouita labramu, pamoja na ligamenti za mbele, yaani nyuzi imara zinazofunga mfupa kwa mfupa, na misuli minne inayokikumbatia kiungo. Mkono ukinyanyuliwa kando na kugeuzwa nje, mzigo mwingi huziangukia ligamenti za mbele. Bega hutoka kwa mbele mara nyingi sana kuliko kwa nyuma, na likitoka hubandua labramu kwenye mfupa. Daktari wa upasuaji wa Uingereza, Arthur Bankart, alilieleza jeraha hilo mwaka 1923, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kichwa cha mfupa nacho, kikiwa nje, hugonga ukingo mgumu wa kishimo kikabonyea kwa nyuma. Bonyeo hilo tunaliita kwa majina ya Hill na Sachs, wataalamu wa eksirei walioandika kulihusu mwaka 1940.

Ndiyo maana bega lililotoka mara ya kwanza kwa kishindo cha kuanguka, mara ya tano linaweza kutoka mtu akivaa shati au akijigeuza usingizini. Kila likitoka huzidi kulegeza ligamenti na kumega mfupa, na walio chini ya miaka 20 ndio wanaorudiwa zaidi. Labramu iliyobanduka haibandikwi na mazoezi. Nalisema hili mimi ambaye kazi yangu ni mazoezi.

Mtu akija kwangu baada ya upasuaji, swali langu la kwanza ni: ulifanyiwa nini hasa? Wengi hunijibu "bega", basi. Lakini kuna njia mbili kubwa, na zinalindwa tofauti. Ya kwanza hufanywa kwa matundu madogo: labramu inarudishwa mahali pake na kushonwa kwa nyuzi zilizofungwa kwenye vigingi vidogo ndani ya mfupa. Hapo adui ni kuugeuza mkono nje. Ya pili ni ya wale ambao mfupa wa kishimo umeshalika. Ilielezwa na Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954: kipande cha mfupa kutoka sehemu ya mbele ya bapa la bega hukatwa pamoja na kano zake, kikahamishiwa kwenye ukingo wa kishimo na kukazwa kwa skrubu. Kano mojawapo iliyohamishwa na kipande hicho ni ya msuli unaokunja kiwiko. Kwa hiyo mtu huyu akinyanyua ndoo kwa kukunja kiwiko katika wiki sita za mwanzo, anavuta kipande cha mfupa ambacho hakijaunga. Huyu pia ndiye ninayemsihi aache sigara, kwa sababu moshi wa tumbaku huchelewesha mfupa kuunga. Basi usiige mazoezi ya jirani yako mwenye kovu linalofanana na lako. Omba maelezo ya upasuaji kwa maandishi, uje nayo.

Sasa nirudi kwenye wiki ya saba. Maumivu ya mwanzo hutokana zaidi na uvimbe, nao hupungua ndani ya wiki chache. Kazi ya kuunga inaendelea kimyakimya nyuma yake. Mwili hujaza jeraha kwa nyuzi changa za kolajeni, laini na zisizo na mpangilio, na huchukua takriban miezi mitatu kabla labramu haijashikamana na mfupa kiasi cha kuaminika. Baada ya hapo nyuzi hizo huendelea kupangwa upya kwa miezi mingi, zikifuata upande zinakovutwa. Kwa hiyo kati ya wiki ya tano na ya kumi na mbili kuna pengo: hisia zinasema tayari, tishu zinasema bado. Katika pengo hilo mgonjwa hana kengele ya kumwonya, na ndiyo maana naipigia kelele kalenda.

Wiki za mkanda, ambazo kwa kawaida ni tatu hadi sita kwa agizo la daktari aliyepasua, zina mambo madogo yasiyosemwa sana. Ganzi ya mishipa ya fahamu, ile unayochomwa kwa ajili ya upasuaji, huisha ndani ya saa 12 hadi 24, mara nyingi usiku. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kabla ganzi haijaisha, usingoje maumivu yakuamshe. Lala nusu umekaa, mto ukiwa chini ya kiwiko ili mkono usianguke nyuma. Shati huvaliwa kwa kuanza na mkono uliopasuliwa, na kuvuliwa kwa kumalizia na huohuo. Kwapa lioshwe: inama mbele, acha mkono uning'inie wenyewe, pitisha kitambaa, kisha kausha vizuri. Vidole, kifundo na kiwiko visogezwe tangu siku ya kwanza, ila aliyehamishiwa mfupa akunje kiwiko bila mzigo wowote. Usiendeshe gari ukiwa na mkanda.

Piga simu ukiona homa, usaha, wekundu unaosambaa, au ganzi upande wa nje wa bega inayobaki hata baada ya ile sindano ya ganzi kuisha nguvu. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usipige kwangu, nenda moja kwa moja kwenye huduma ya dharura. Kuna pia maambukizi ya polepole, yaletwayo na bakteria waishio kwenye ngozi ya mabega na kwapa, ambayo hayana homa wala usaha. Dalili yake huenda ikawa ni bega lililokuwa likiendelea vizuri, kisha likaanza kuuma na kukakamaa bila sababu. Hilo liseme.

Mkanda ukivuliwa tunaanza na bapa la bega, kwa kuwa mkono hauwezi kwenda vizuri kama bapa linalobeba kishimo limelala. Kisha mwendo wa kunyanyua mkono kwa kusaidiwa, kisha bila msaada, kisha mpira wa kuvuta. Kuugeuza mkono nje kunaachiwa kidogokidogo, na mkao ule wa kurusha unakuja mwisho kabisa.

Kinachochelewa kuliko vyote ni imani. Ligamenti zina vihisi vinavyouambia ubongo bega liko wapi, na bega lililotoka mara nyingi limepoteza sehemu ya habari hizo. Ubongo nao umejifunza kuhofu mkao fulani, hata baada ya kiungo kukazwa. Kwa sababu hiyo nawapa watu kazi zinazoonekana za kitoto: kuegemea ukuta kwa kiganja, kutambaa, kudundisha mpira ukutani macho yakiwa wazi, baadaye yakiwa yamefumbwa.

Kipa wangu alifika mwezi wa sita baada ya upasuaji nguvu za mkono ule zikiwa karibu sawa na za mwenzake. Kwa vipimo vyote angeruhusiwa. Lakini nilipomrushia mpira upande ule, mwili wake ulijikunja kabla mkono haujanyooka. Tulirudi chini: akaanza kuudaka akiwa amepiga magoti juu ya godoro, kisha akiwa amechuchumaa, kisha amesimama. Mwezi wa nane alirudi langoni. Mkono wake bado haugeuki nje kama ule mwingine, zimepungua digrii chache, na huenda zikabaki hivyo maisha yake yote. Nilikuwa nimemweleza hilo kabla hata mshono haujakauka, naye siku ile alinionyesha mwenyewe pengo hilo kwa kuiweka mikono yote miwili sambamba, akauliza tu kama anaweza kuanza mazoezi ya mipira ya juu.