Windows 10 Imefika Mwisho, Laptop Yako Bado

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10, watu wanatuletea laptop kwenye kitengo chetu cha TEHAMA wakidhani zimekufa. Hazijafa. Zitawaka kesho kama zilivyowaka jana. Kilichokatika ni masasisho ya usalama, yale yanayoziba matundu wanamopenyea wezi wa nywila. Kama kazi yako ni kuandika barua bila intaneti, huna haja ya kukimbia. Kama unaingia benki humo humo, usilaze damu.

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Ukiona Windows 10, nenda Settings, sehemu ya Windows Update, ujiandikishe kupata masasisho ya ziada. Kwa watumiaji wa nyumbani yanaendelea hadi 13 Oktoba 2026. Kuhamia Windows 11 kunataka RAM ya GB 4, ambayo wengi wanayo. Kinachowakwamisha wenye laptop za mtumba ni chipu ya usalama, TPM 2.0, na prosesa: nyingi za kabla ya 2018 hazikubaliki.

Kwa hizo mimi hupendekeza Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, na menyu yake iko chini kushoto, pale pale mkono ulipozoea. Tena unaijaribu bila kuisakinisha. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus; kunakili tu hakutoshi, na vilivyomo kwenye flashi vitafutika. Zima laptop, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kwa HP, ili uchague iwake kwa flashi. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Usipobonyeza Install, Windows yako haiguswi.

Ukiamua kusakinisha, hamisha kwanza faili zako kwenye diski ya nje. Mama mmoja alitujia na laptop iliyotoka kupigwa Windows upya. Fundi alimhakikishia kwamba vitu vya D, sehemu ya diski isiyo na Windows, havitaguswa, na kweli havikuguswa. Picha za harusi ya bintiye zilikuwa Desktop, na Desktop iko C, sehemu ile ile ya Windows iliyofutwa.