Asilimia 3 si ya serikalini pekee

Mjini Mafinga, kijana anayetembelea magongo alikuwa na cheti cha uhasibu ndani ya bahasha ya kaki, lakini hakuwahi kukipeleka kwenye kiwanda chochote cha mbao kwa sababu aliambiwa kwamba nafasi za watu wenye ulemavu hutolewa na serikali tu. Dhana hiyo, ambayo nimeisikia pia Mbeya na Iringa, si sahihi, na inaniuma kwa kuwa humfungia mtu mlango ambao sheria imekwisha kuufungua.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, awe wa umma au binafsi, ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kiwanda chenye wafanyakazi 100 kinapaswa kuwa na watatu, wakiwa na sifa zinazohitajika. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengewa kundi hili, ni ya kujiajiri. Haimwondolei mwajiri wajibu huo.