Je, Wajua? Kwa Nini "Bitter" ya Kiingereza Ni Dawa Chungu na Pia Baridi Kali?

Anayejifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba "bitter" ni -chungu, kama mshubiri au muarobaini. Halafu anakutana na "bitter cold", "bitter wind", "bitter enemies", na tafsiri inamkwama. Upepo una uchungu gani?

Jibu ni kwamba neno hili lilianza kwenye meno na makali. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa hadi karne ya 12 hivi, liliandikwa "biter", nalo ni la ukoo mmoja na kitenzi "bitan", yaani kung'ata, ambacho leo ni "bite". Ndugu zake bado wapo: "bit" lilikuwa tonge la kung'ata mara moja kabla ya kuwa kipande chochote kidogo, na "beetle", yule mbawakawa, jina lake maana yake ni mng'ataji. Katika utenzi wa kale wa Beowulf, mfalme anachomoa kisu kumkata joka, na kisu hicho kinasifiwa kuwa "biter". Kwa hiyo asili ya neno iko karibu zaidi na -kali yetu, ya upanga na ya baridi, kuliko -chungu. Ladha chungu iliitwa hivyo kwa kuwa hung'ata ulimi. Upepo wa kipupwe nao hung'ata ngozi.

"To the bitter end", yaani hadi mwisho kabisa, ina habari yake. Kwenye sitaha za meli za Uingereza palikuwa na nguzo fupi ziitwazo "bitts", ambazo amari, yaani kamba nene ya nanga, ilizungushiwa. Kapteni John Smith, katika kitabu chake cha ubaharia cha 1627, anaeleza kuwa "bitter's end" ni sehemu ya amari inayobaki ndani ya chombo. Ukishaifikia, huna kamba nyingine ya kulegeza. Lakini Biblia ya Kiingereza ya 1611 nayo inasema katika Mithali 5:4 kwamba mwisho wa mwanamke mzinzi ni mchungu kama pakanga, na wataalamu hawajakubaliana ni chanzo kipi kilichozaa msemo.

Makosa ya wasemaji wa Kiswahili hutokea zaidi kwenye chakula, kwa sababu -kali yetu hubeba mengi. Ndimu kali ni "sour", kwa kuwa ina asidi. Pilipili kali ni "hot". Chai kali ni "strong". Ikichemshwa na majani muda mrefu mno hadi ikawa chungu, hapo ndipo inaitwa "bitter". Soda ya Krest Bitter Lemon imewapotosha wengi kudhani limau ni "bitter". Uchungu wa kinywaji cha aina hiyo hutoka kwenye kwinini, dawa ya malaria iliyopatikana kwanza katika magome ya mti wa sinkona. Huwekwa kidogo sana: Marekani hairuhusu kuzidi miligramu 83 hivi kwa lita, na ulimi huisikia vizuri. Binadamu ana aina 25 hivi za vipokezi vya uchungu, maana uchungu hutuonya kuhusu sumu, na sumu za mimea ni nyingi na hazifanani. Mhogo mchungu, "bitter cassava", ni mfano tunaoujua: usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo, hubaki na sianidi.

Neno hilo pia ni jina la bia. Ukiomba "a pint of bitter" katika baa ya Uingereza, utaletewa mililita 568 za bia ya rangi ya kahawia au shaba. Uchungu wake ni wa maua ya hopsi, lakini hayatoi uchungu kwa kulowekwa tu. Lazima yachemshwe kama saa nzima ili asidi zake zibadilike. Yakitiwa dakika za mwisho, huacha harufu zaidi kuliko uchungu.