Mahakama haiandiki wosia upya
Wengi huamini kwamba wosia ukibishaniwa, hakimu hugawa mali kwa namna anayoiona kuwa ya haki. Kuna nchi zinazowaruhusu wategemezi waliosahauliwa kuomba fungu, lakini hilo ni shauri jingine. Katika kufasiri wosia, mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza hutafuta nia ya marehemu katika maneno yake, zikiusoma wosia wote kwa pamoja na kuzingatia mazingira aliyoyajua alipouandika. Neno “ndugu”, ambalo naona huzaa uchungu usio wa lazima, laweza kumaanisha waliozaliwa tumbo moja au ukoo mzima, na mara nyingi vifungu vingine ndivyo huonyesha maana iliyokusudiwa. Kifungu kisichofahamika kabisa hubatilika, hata jamaa wakilalamika.