Dafu halisafishi figo zilizoshindwa

Tanga, mgonjwa wa figo hupelekewa madafu kwa nia njema: eti yanasafisha. Kwa figo nzima, madini ya potasiamu yaliyo kwenye dafu hutoka na mkojo. Kwa anayesafishwa damu kwa mashine, karibu haina pa kutokea. Hujikusanya hadi zamu ijayo, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha, pengine bila dalili yoyote. Nusu lita ya maji ya dafu ina takriban miligramu 1,000 za potasiamu. Hatari kubwa ni mwisho wa lile pengo refu zaidi kati ya zamu za wiki. Muhogo nao una potasiamu, ila una nafuu: katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, yamwage. Dafu halina ujanja huo. Misuli ikilegea ghafla, wahi hospitali, usingoje zamu.